Tupeane uzoefu: Mwenzako anapohofia moyo wake

Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu wa kuishi na mwenza anayeamini moyo wake una tatizo, kabla vipimo havijasema lolote. Naanza na yangu.

Mume wangu hununua dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na kwa kawaida huamka saa tisa usiku. Mwaka jana nilianza kumkuta macho tangu saa saba, ameketi ukingoni mwa kitanda, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, akihesabu mapigo kwa saa ya simu. Nilimwambia, "Huna kitu, Baba Neema, lala," nikidhani namtuliza, kumbe nilikuwa namwacha peke yake na hofu yake, kwa maana baba yake alianguka ghafla akivuta nyavu na hakuinuka tena.

Kilichotusaidia ni daftari. Kila moyo ulipomwenda mbio tuliandika saa, alichokuwa akifanya, alichokunywa, dakika ulizodumu, na kama alihisi kizunguzungu, kisha nikaingia naye kwa daktari nikiwa nalo mkononi. Kipimo cha umeme wa moyo, ambacho hakiumi na huchukua dakika chache, kilitoka safi. Hata hivyo daktari alitueleza kwamba kinaonyesha moyo ulivyo wakati ule tu, akaagiza pia ultrasaundi ya moyo na vipimo vya damu. Tulipokuwa tukisubiri majibu tulikubaliana ahesabu mapigo asubuhi na jioni tu, nami nikiwepo, lakini kifua kikibana na maumivu kwenda mkononi au tayani, au akitoka jasho baridi, akikosa pumzi au akizimia, hatuandiki chochote, tunakimbia hospitali.

Mchangiaji wa Sengerema: Pole sana, Mama Neema. Kabla daraja la Kigongo–Busisi, linalovuka Ziwa Victoria, halijafunguliwa mwaka 2025, mke wangu alikuwa na hofu kama hiyo, na nilipomuuliza hasa anaogopa nini, akasema ni kivuko: akizidiwa usiku, tutavukaje hadi Mwanza? Basi nilitafuta dereva aliyekubali kuamshwa saa yoyote, nikauliza pia huduma ya dharura ya karibu ni ipi upande wetu, na usiku huo alilala. Baadaye ilibainika kwamba ana upungufu wa damu, ambao nao huufanya moyo uende mbio, akaanzishiwa vidonge vya madini ya chuma. Siku hizi anapanda mlima wa kanisani bila kushika kifua, ingawa mimi bado namtazama.