Jikoni watu wamechoka kupita kiasi: nianze kurekebisha nini?

Mwanazamu: Wakuu, naomba ushauri. Jiko la watu 9, zamu mbili. Oda zinakosewa, vidole vinakatwa na visu, wahudumu wanajibu wateja kwa mkato. Kila mtu ana siku 1 ya mapumziko kwa wiki, na bado anarudi amechoka. Bajeti ya kuajiri haipo.

Mpanga Ratiba: Chukua ratiba ya wiki 2 zilizopita, zungushia kila jina lililofunga usiku likafungua asubuhi yake. Mara nyingi tatizo liko hapo. Zamu imeandikwa kuisha saa 5 usiku, lakini bado kuna kukwangua bamba la kukaangia, kuchuja mafuta, kupiga deki. Mtu anatoka saa 6 na nusu. Akitakiwa saa 12 asubuhi, amebakiwa na saa 5 na nusu, ambazo ndani yake kuna safari mbili, kuoga na kula. Usingizi wake unaweza kuwa wa saa 3 tu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 inataka saa 11 mfululizo za mapumziko kila siku. Tumia kipimo hicho hata kama hulazimishwi. Aliyefunga aingie mchana. Haigharimu hata senti.

Usalama Kazini: Joto nalo linamaliza watu. Anayekaa motoni anywe kikombe cha mililita 240 kila dakika 15 hadi 20, asisubiri kiu. Jagi likiwa stoo hakuna atakayelifuata, kwa sababu mpishi haachi sufuria. Liweke pale pale anaposimama. Mfanyakazi mgeni aanze na asilimia 20 ya zamu kwenye joto, aongezewe 20 kila siku.

Mwanazamu: Asanteni. Na oda zikiingia kwa mkupuo?

Mpanga Ratiba: Mtu mmoja tu azisome kwa sauti, na wahudumu wamuulize yeye, wasimsumbue mpishi. Hesabu jiko linatoa oda ngapi kwa dakika 15. Zikizidi hapo, simamisha kwanza za kupelekwa nje.

Afya ya Kazini: Niongeze jambo moja. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hii ya kuchoka kupita kiasi kazini kuwa inatokana na msongo wa kazi usiodhibitiwa, si ugonjwa. Dalili zake: nguvu kuisha, kuichukia kazi, ufanisi kushuka. Kwa hiyo tafadhali usimwambie mtu ajikaze. Likizo itampumzisha, ila akirudi kwenye ratiba ileile atachoka vilevile. Anayekosa usingizi hata siku ya mapumziko amwone daktari. Anayezungumzia kujidhuru apelekwe saa hiyohiyo, asiachwe peke yake, zamu iwe imeisha au haijaisha.