Klipu ya skrubu, klipu ya bolti au bendi ya V: ipi inazuia bomba la intakula lisichomoke?

Bomba63
Wakuu, habari zenu. Naombeni msaada. Gari ni la petroli, silinda 4, intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) iko mbele nyuma ya bampa, mabomba ni ya alumini yenye kipenyo cha mm 63. Turbo inasukuma hadi bar 1.2. Hozi ya silikoni iliyo karibu na throto (valvu ya kuingiza hewa kwenye injini) imechomoka mara tatu mwezi huu, na kila mara ni gia ya tatu nikiwa nimekanyaga mafuta mpaka chini. Unasikia mlio kama tairi limepasuka, nguvu zinaisha hapohapo, moshi mweusi nyuma, na injini inataka kuzima.

Sasa hivi zimefungwa klipu za skrubu, zile za kukaza kwa bisibisi. Nimekaza hadi moja ikaruka meno. Naona njia tatu: ninunue klipu nzito zaidi za skrubu, niweke klipu za bolti, au nichomelee bendi za V (pete za chuma zinazobana kingo za mabomba mawili pamoja) niachane na hozi kabisa. Nyie mliopitia mngechagua ipi?

SpanaKumi
Klipu za bolti, bila kusita. Klipu ya skrubu ina matundu kwenye utepe ili meno ya skrubu yapate pa kushika. Ukiikaza sana, silikoni inavimba ndani ya matundu yale na kukatwa kidogokidogo. Isitoshe utepe ni mwembamba na mkazo unaelemea upande wenye skrubu. Ya bolti ina utepe mpana, laini, na mkazo unazunguka vizuri zaidi.

Ila vipimo ndipo wengi wanapokosea. Usinunue kwa kipimo cha bomba, nunua kwa kipimo cha nje ya hozi. Bomba lako ni mm 63, hozi ikiwa na unene wa mm 5 kila upande, nje unapata mm 73. Tafuta klipu ambayo hiyo 73 iko katikati ya uwezo wake. Ikiwa kubwa mno ncha zinakutana kabla haijabana, nawe unaendelea kukaza ukidhani inashika. Na nyingi ni za chuma kisichoshika kutu, nyuzi zake hung'ang'aniana, kwa hiyo paka grisi ya nyuzi kidogo kabla ya kufunga.

Mchomeleaji
Ndugu Bomba63, kabla hujatoa hela vua hiyo hozi uangalie mdomo wa bomba. Je, ni laini tupu au una tuta linalozunguka karibu na ncha?

Nauliza kwa sababu watu wanailaumu klipu kwa kosa la bomba. Piga hesabu: bomba la mm 63 lina eneo la karibu sm² 31. Kwa bar 1.2 upepo unasukuma ile kona ya bomba itoke kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 38. Kila unapokanyaga mafuta ni kama umening'iniza mfuko wa saruji uliopungua kidogo kwenye hiyo hozi, halafu unautikisa. Kwenye alumini laini, yenye filamu ya mafuta, klipu inategemea msuguano peke yake. Tuta likiwepo, hozi ikitaka kutoka lazima kwanza ipande kilima huku klipu iko nyuma yake inaikatalia.

Na klipu ikae nyuma ya tuta, yaani upande wa mbali na ncha ya bomba, si juu yake. Nimeshaona gari limefungwa klipu nzuri kabisa, zote zimekaa juu ya tuta. Hapo umeharibu kazi ya vyote viwili.

Bomba63
Nimevua. Upande wa throto una tuta. Upande wa bomba la alumini hauna kitu, umekatwa tu kwa grenda na kingo zake bado ni kali. Na ndio huo unaochomoka.

Mchomeleaji
Basi umeshapata jibu nusu. Ipo mashine ndogo ya mkono ya kukunja tuta, ukimpata fundi mwenye nayo ni kazi ya dakika chache. Kama hakuna, mtu anayejua kuchomelea alumini azungushe mstari mwembamba wa weldi karibu na ncha, kisha laini kwa tupa na msasa. Usiache ncha kali hata moja, itakata hozi kutoka ndani na hutaiona.

UpepoMoto
Naomba nitofautiane kidogo na SpanaKumi. Dizeli yangu ya kazi bado ina klipu za springi za kiwandani na hazijawahi kuniachia. Silikoni ikipata moto inatanuka na kulainika, ikipoa inanywea. Klipu iliyokazwa leo injini ikiwa ya moto, kesho asubuhi imelegea. Springi inafuata. Ndiyo maana kwa presha ya kawaida sizidharau. Kwa bar 1.2 ningechukua zile za bolti zenye springi juu ya bolti yake, unapata nguvu na ufuatiliaji kwa pamoja.

Halafu tusichanganye upande wa moto na wa baridi. Hewa ikiingia na nyuzijoto 30, turbo ikazidisha presha mara mbili kwa ufanisi wa asilimia 70, inatoka ikiwa karibu nyuzi 125. Hiyo ndiyo inayopita kati ya turbo na intakula. Hapo mpira wa kawaida hauna maisha. Na turbo ikitema mafuta, hata kidogo, silikoni ya kawaida inalegea na kuvimba. Tafuta yenye ngozi ya ndani ya floro-silikoni, imetengenezwa kwa ajili ya mafuta.

Bomba63
Asanteni sana. Na bendi ya V je? Nikiondoa hozi si naondoa tatizo?

Mchomeleaji
Bendi ya V naipenda, inashika kuliko vyote tulivyotaja. Lakini inaunganisha chuma kwa chuma. Injini yako inacheza kwenye mauntingi zake (mipira inayoishikilia kwenye bodi) kila ukibadili gia, na intakula imefungwa kwenye bodi. Ukiondoa hozi zote, ule mchezo unaenda wapi? Unaenda kwenye weldi na kwenye shingo ya intakula, na alumini haivumilii kukunjwakunjwa, inapasuka. Lazima kila upande ubaki na angalau sehemu moja inayonyumbulika kati ya injini na bodi. Hozi yenye nundu katikati ni nzuri hapo.

Pia flanji za alumini (zile kingo zinazobanwa na bendi) hujipinda zikichomelewa kwa haraka, na oringi (pete ya mpira ya kuziba) haizibi flanji iliyopinda.

Kuna na kufuli za maganda mawili, zenye oringi mbili ndani, zinafunguka kwa mkono. Zinakubali bomba kupinda nyuzi chache na kuingia au kutoka kidogo. Kwa gari linalofunguliwa kila wiki ni nzuri sana. Lako halihitaji.

SpanaKumi
Nakubali kwa hilo la springi, UpepoMoto.

Bomba63, angalia na mauntingi. Kuchomoka gia ya tatu ukiwa umekanyaga mwisho kunanipa wasiwasi kuwa injini inainuka na kulivuta bomba. Lishikilie bomba kwa bano la chuma lililofungwa kwenye injini yenyewe, si kwenye bodi. Ncha mbili ndani ya hozi zikaribiane, pengo kubwa huifanya hozi ivimbe kama puto. Safisha mafuta yote kwa spiriti, wala usipake grisi ili iteleze kuingia. Wapo wanaopuliza dawa ya nywele kwenye bomba, ikikauka inanata. Inasaidia, ila haichukui nafasi ya tuta.

Bomba63
Nimerudi na matokeo. Mauntingi ya upande wa gia ilikuwa imechanika, nimebadilisha. Bomba limewekwa tuta, hozi mpya yenye nundu, klipu mbili za bolti zenye springi, na bano dogo kwenye injini. Kisha nikaziba mdomo wa kuingilia turbo, nikaingiza upepo wa kompresa taratibu hadi bar 1 nikipaka povu la sabuni kila kiungo. Nilisimama pembeni, si mbele ya kizibo. Viungo vyote vikavu, ila povu likachemka kwenye sensa ya presha. Oringi yake ilikuwa imekauka. Pengine hata ule uzito wa kuchukua nguvu niliouzoea ulitoka hapo.

Nimeendesha siku nne, gia ya tatu mpaka mwisho. Imeshika.

Mchomeleaji
Safi sana. Kaza tena klipu mara moja, injini ikiwa imepoa kabisa. Silikoni mpya hukaa chini kidogo baada ya joto la siku za kwanza.