Wiki ya darasa: mmoja anaandika, watatu wanatazama

MwalimuMuheza:
Walimu wenzangu, habari za kazi, na wakubwa shikamooni. Nafundisha baiolojia kidato cha pili. Muhula huu wanafunzi wangu 44 wanaandika kwa pamoja wiki, yaani kurasa za kompyuta ambazo kila mmoja anaweza kuzihariri, kuhusu miti ya hapa kwetu: mvule, mkangazi, msufi, mwarobaini. Intaneti hatuna, kwa hiyo nimeweka DokuWiki, programu ya kuendeshea wiki, kwenye laptopu yangu, na kompyuta nne za maabara zinaifikia kupitia ruta. Haihitaji hifadhidata, kurasa zake ni mafaili ya maandishi tu.

Tatizo ni hili. Kila kikundi kina watu wanne, lakini anayeandika ni yule mwepesi wa kuchapa. Nikifungua historia ya ukurasa, naona namba ya kompyuta tu, jina hakuna. Halafu binti mmoja alifuta sentensi ya mwenzake, wakanuniana juma zima. Niendelee, au nirudi kwenye daftari?

TehamaTanga:
Usirudi. Mfungulie kila mtoto akaunti yake na uzuie kuhariri bila kuingia. Historia itaonyesha nani kaongeza nini na saa ngapi. Jambo jingine: mtu akianza kuhariri, DokuWiki huwafungia wengine ukurasa huo, kwa kawaida robo saa. Basi gaweni mti mmoja kurasa nne: umbo, makazi, matumizi, majina. Kila mmoja na wake, kisha wabadilishane wasahihishane.

MwalimuMstaafu:
Marahaba, mwanangu. Hao walionuniana ndio wamekaribia kujifunza. Tengeneza ukurasa wa pili kwa kila mti, uite majadiliano, na uweke sharti moja: hakuna kufuta sentensi ya mwenzio kabla ya kuandika sababu pale.

Darasa langu lilibishana juu ya mwarobaini. Mmoja aliandika ni mti wa asili yetu, maana uko uani kwa bibi yake tangu azaliwe. Mwenzake akafuta, akaandika umetoka Bara Hindi. Nikawaambia kila mmoja alete ushahidi. Wa pili alikuwa sahihi kuhusu asili, lakini yule wa kwanza alirudi na maelezo ya bibi: nani aliupanda na majani wanayachemshia nini. Wikipedia ya Kiswahili isingepokea neno la bibi bila chanzo kilichochapishwa. Wiki ya darasa inalo jukwaa la bibi, mradi iandikwe wazi kwamba ni masimulizi.

Alama nilitoa nusu kwa ukurasa, nusu kwa majadiliano. Aliyetazama tu alijulikana.

MamaKidato:
Na muda? Mtihani wa taifa wa kidato cha pili hautawauliza wiki.

MwalimuMstaafu:
Utawauliza uainishaji wa mimea, mama. Mtoto aliyetetea jina la kisayansi la mvule mbele ya wenzake hulisahau kwa shida.

MwalimuMuheza:
Nashukuruni sana. Nimefungua akaunti zote 44 na kurasa za majadiliano. Leo yule binti aliandika: “Nilifuta kwa sababu mkangazi hupukutisha majani, wewe umesema ni kijani mwaka mzima.” Mwenzake akajibu: “Twende tukautazame ule wa nyuma ya bweni.” Wamekwenda na daftari. Nimewaruhusu.