Rasimu ya sheria ndogo inayokataza kuanika dagaa chini: tuitolee maoni namna gani kabla haijapitishwa?

Mama wa Mwaloni (Kigoma)

Ndugu zangu, nawasalimu. Kazi yangu ni kuanika na kuuza dagaa hapa Kigoma mjini, nami nimeifanya kwa miaka 12. Wiki iliyopita lilibandikwa tangazo kwenye ubao wa ofisi ya mtaa likieleza kwamba halmashauri inakusudia kutunga sheria ndogo ya usafi wa mialo, yaani sehemu za ufukwe mitumbwi inapopakulia samaki, na kwamba kuanika dagaa juu ya mchanga ni mojawapo ya mambo yatakayokatazwa. Atakayekutwa ameanika chini atatozwa faini. Wenye maoni wametakiwa kuyaleta kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa.

Sisemi kwamba kusudio lenyewe ni baya. Dagaa wa chini huingiwa na mchanga, kuku na mbwa hupita juu yao, na mvua ikishuka ghafla tunawazoa pamoja na kokoto. Mnunuzi akitia kiganja guniani akakuta changarawe, bei inashuka papo hapo. Kinachoninyima usingizi ni kwamba wengi wetu hatuna chanja, yaani vichanja vya kuanikia juu ya ardhi, kwa sababu miti na nyavu za kuanikia vinahitaji fedha ambazo hana mwanamke anayenunua ndoo mbili alfajiri ili jioni azigeuze kuwa chakula cha watoto. Isitoshe, maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020 na 2021, sehemu ya ufukwe tuliyokuwa tukianikia ilimezwa, na tangu hapo tunabanana.

Katika mkutano wa mtaa mwenyekiti alitusomea tangazo hilo, tukanyoosha mikono wote kulikataa, na wenzangu wameondoka wakiamini kwamba jambo limekwisha. Je, limekwisha kweli? Kama bado, barua aandikiwe nani, na iseme nini? Tena naomba kufahamishwa kama ile mikopo ya asilimia 10 inaweza kutununulia chanja.

Mtendaji Mstaafu

Dada yangu, halijakwisha, na ninaomba uwaeleze wenzako hivyo mapema, kwa kuwa imani hiyo imewaponza watu wengi. Mtaa hauna mamlaka ya kutunga sheria ndogo wala ya kuizuia. Katika manispaa mamlaka hayo yamo mikononi mwa baraza la madiwani, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, Sura ya 288. Mikono mliyonyoosha ina uzito iwapo tu imeandikwa kwenye muhtasari wa mkutano na muhtasari huo ukafikishwa kunakohusika, kwa hiyo anzeni kwa kumwomba mtendaji wa mtaa nakala yake.

Utaratibu ni huu. Halmashauri hutangaza kusudio lake na kupokea pingamizi na maoni ya wakazi kwa maandishi; kisha rasimu hujadiliwa na madiwani pamoja na maoni hayo; ikipita hupelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, ambaye anaweza kuikubali, kuirekebisha au kuikataa; hatimaye hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Ninyi mko kwenye hatua ya kwanza, ambayo ndiyo nafuu kuliko zote, maana sheria ikishafika kwenye Gazeti mtahitaji kuomba marekebisho, na safari huanza upya.

Barua mwandikieni Mkurugenzi wa Manispaa, nakala kwa diwani wa kata yenu. Ipelekeni kwa mkono, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na muitunze. Kuhusu maneno yake, ushauri wangu ni kwamba msiandike "tunapinga" na kuishia hapo. Diwani anayetaka kuwatetea anahitaji kifungu mbadala cha kusoma mbele ya wenzake. Andikeni, kwa mfano, kwamba katazo lianze kutumika baada ya halmashauri kutenga na kutangaza eneo la chanja katika kila mwalo, na kwamba kabla ya faini ya kwanza kuwe na kipindi cha onyo na elimu. Ombeni pia kifungu kitakachotofautisha mtu aliyeanika kwa makusudi na yule ambaye chanja yake imeangushwa na upepo.

Msafirishaji wa Gunia (Tabora)

Samahani kama nitaonekana kuwaendea kinyume akina mama. Mimi hununua dagaa wa Kigoma na kuwasafirisha kwa treni hadi Tabora, ambako wateja wangu wakubwa ni mama lishe. Mchanga ukikaa chini ya sufuria, mteja huacha sahani na mama lishe huniletea mimi malalamiko, nami msimu unaofuata huenda kununua kwa mwenye chanja hata akitaja bei ya juu. Katazo hili naliunga mkono kwa moyo wote, na ninachelea kwamba kipindi cha onyo kisipoandikiwa ukomo kitageuka kuwa cha kudumu. Tarehe ya mwisho iwekwe ndani ya sheria yenyewe.

Kijana wa Pwani ya Kusini

Kwetu ni kijijini, na huko mambo ni tofauti na mjini, kwa kuwa halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo zake kwa kushirikisha mkutano mkuu wa kijiji, kisha zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Nachangia jambo moja tu ambalo sijaona limetajwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mkijenga chanja za nguzo za zege karibu na maji, mtakuwa mmetii sheria moja na kuvunja nyingine. Ombeni katika barua yenu itamkwe wazi kwamba chanja za miti na wavu zinazohamishika zinaruhusiwa mwaloni, na zile za kudumu zitengewe eneo nje ya mita hizo. Ziwa likipanda tena, chanja inayobebeka mtaihamisha bila hasara kubwa.

Mweka Hazina wa Kikundi

Mama, kuhusu mkopo jibu ni ndiyo. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kinaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa mwaka 2023 na ukarejeshwa mwaka 2024. Kikundi chenu kisajiliwe kupitia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, kiwe na katiba na akaunti ya benki, na andiko la mradi liseme chanja waziwazi, ziwe ngapi na kwa gharama gani.

Hapa ndipo kikundi chetu kilipojikwaa. Tulipanga marejesho sawa kila mwezi, kana kwamba dagaa huvuliwa kila usiku. Ninyi mnajua kwamba mbalamwezi inapong'aa taa za wavuvi hazina kazi, mitumbwi hulala na wanikaji hulala nayo. Mwaka 2024 ziwa zima lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi ya jua kali la kuanikia, nasi tulikuwa na deni na chanja tupu. Kwenye andiko lenu ombeni ratiba ya marejesho inayoendana na msimu, na muombe mapema, kabla ya kusaini mkataba.

Mama wa Mwaloni (Kigoma)

Nawashukuru sana, na Msafirishaji wa Tabora nimemwelewa. Tarehe ya mwisho tutaiweka, ila tutaomba ihesabiwe tangu siku eneo litakapotengwa. Leo nimekwenda kwa mtendaji kuomba muhtasari, na nimekuta maneno yetu yameandikwa kwa mstari mmoja: "Wananchi hawakuafiki." Nimemwomba mwenyekiti aitishe mkutano mwingine Jumamosi, tuwe na barua tayari imeshaandikwa, isomwe mbele ya wote, na kila mwanikaji aweke sahihi au dole gumba. Zimebaki siku tisa.