Naomba ushauri: historia ya upasuaji wa kifua niipange vipi?

Habari wakuu. Naandaa somo la historia ya upasuaji wa kifua kwa wanafunzi wa uuguzi, nimekwama kwenye mpangilio.

Natamani kuanza na tatizo la hewa, maana ndilo lililowafunga mikono madaktari: ukifungua kifua, pafu linasinyaa. Mwaka 1904 daktari mpasuaji Ferdinand Sauerbruch, huko Breslau (wakati huo Ujerumani), alionyesha chumba chenye shinikizo dogo la hewa, ili pafu lisisinyae. Daktari na kiwiliwili cha mgonjwa vilikuwa ndani, kichwa cha mgonjwa nje! Mwaka 1909 watafiti Meltzer na Auer wakaonyesha njia rahisi zaidi, kupuliza hewa kwa mrija kupitia koo la hewa. Mwaka 1933 Evarts Graham akaondoa pafu zima lenye saratani, na mgonjwa akaishi miaka mingi.

Shida ni kwamba Ludwig Rehn alishona jeraha la moyo mwaka 1896, kabla ya hayo yote. Na kifua kikuu, ambako mbavu zilikatwa ili pafu linaloumwa lisinyae na kupumzika, nikiweke wapi?

Nifuate miaka au matatizo? Waliowahi kufundisha, wanafunzi hushika kipi vizuri zaidi?