Je, kila mtu akiwa na gazeti lake, ukweli umepona?

Mwalimu wa Bagira
Wandugu, niliwaonyesha wanafunzi wangu sehemu moja ya katuni ya Marekani, The Simpsons, iliyorushwa kwa mara ya kwanza Mei 2004. Tajiri Burns, baada ya kuona jinsi wakaaji walivyofurahi walipodhani amekufa, ananunua vyombo vya habari vya mji mzima ili asemwe vizuri. Kinabaki kigazeti cha Lisa, mtoto wa miaka 8, anayekataa kukiuza. Mwishoni Lisa anachoka na kusalimu amri; ndipo wakaaji, kwa kuguswa na ujasiri wake, kila mmoja anaanzisha gazeti lake. Wanafunzi walipiga makofi, mimi nikashindwa. Je, wingi wa sauti ndio uhuru wa habari? Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kila simu imekuwa gazeti, na bado milio ya risasi ikisikika usiku hatujui tumwamini nani.

Mtangazaji, Ibanda
Mwalimu, nina miaka 11 redioni, na kilichonigusa mimi ni wale farasi. Kabla ya kumkatia Lisa umeme, Burns alijaribu kumhonga farasi wadogo, kitu ambacho mtoto yule anakipenda mno. Hiyo ndiyo coupage yetu, yaani pesa anazopewa mwandishi na wale anaowatangazia habari. Mwaka wangu wa kwanza, baada ya kikao cha ofisi fulani, tulipanga mstari kutia sahihi, kila mmoja akapokea bahasha ya dola 10. Redio ilikuwa haijanilipa kwa miezi mitatu, na nyumbani unga ulikuwa umekwisha. Nikapokea. Jioni nilisoma tangazo lao neno kwa neno, bila kuuliza kwa nini daraja walilosema limekamilika lilikuwa bado nguzo mbili tu. Hakuna aliyenitisha. Katiba yetu ya Kongo ya 2006, kifungu cha 23 na cha 24, inalinda uhuru wa kutoa maoni na uhuru wa vyombo vya habari, lakini siku ile nilijinyamazisha mwenyewe.

Mama wa Kadutu
Pole, kaka yangu. Hata hivyo, Mwalimu, usiudharau wingi. Serge Maheshe aliuawa Juni 2007, Didace Namujimbo Novemba 2008, wote waandishi wa habari wa Radio Okapi, wote katika mji huu. Sauti zikiwa chache, mwenye bunduki anajua pa kuelekeza. Lakini nami nimeumizwa na wingi huo: ujumbe ulizunguka kwenye simu kwamba sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani ninaouza, zimetiwa sumu, nikabaki na beseni nzima mpaka zikaharibika. Kilichoniokoa ni mtangazaji mmoja aliyeshuka mpaka ziwani, akawauliza wavuvi, akapita hospitalini kuuliza kama kuna mgonjwa hata mmoja, kisha akasema redioni alichokikuta. Baada ya siku mbili wateja walirudi.

Mwalimu wa Bagira
Mama, hapo ndipo makofi yaliponishinda. Magazeti yale ya mwisho yamejaa maoni ya wenyewe; Homer, baba wa Lisa, anayafurahia huku akikiri kwamba hayana thamani. Sikumwona hata mmoja akienda kuuliza kitu. Juma lijalo kila mwanafunzi ataleta ujumbe mmoja aliotumiwa, na hataandika neno juu yake kabla ya kuwauliza watu wawili wanaohusika. Ndugu Mtangazaji, ungekubali kuja kuwasimulia habari ya ile bahasha?

Mtangazaji, Ibanda
Nitakuja Jumatano, baada ya taarifa ya mchana. Na daraja nitawaonyesha picha yake.