Neoni wangu wanapungua usiku na sioni mizoga

Mkazi wa Donholm: Hamjambo wanajamvi. Mwezi uliopita nilitia samaki wadogo sita aina ya neoni, wale wenye mstari wa buluu unaong'aa, katika tangi langu la kioo la lita 60. Wamebaki watatu, nao hujibanza nyuma ya kichujio badala ya kuogelea kwa kundi. Je, nikiongeza sita wengine watatulia?

Mama Wawili: Ndugu yangu, tazama baridi kwanza. Neoni ni samaki wa Amazoni anayetaka maji ya nyuzi 22 hadi 26, na Julai hii usiku wa Nairobi hushuka hadi kama nyuzi 12. Mwaka juzi stima ilipotupotea, nililifunika tangi kwa blanketi, nikawa naamka kila saa kupapasa kioo.

Fundi Matangi: Baridi ingeacha walau mzoga mmoja. Humo ndani yumo nani mwingine?

Mkazi wa Donholm: Yumo samaki mmoja mkubwa aina ya enjeli (angelfish), mpole, anayekula mkononi mwangu. Alikuwa wa marehemu mama yangu, na simtoi. Isitoshe, neoni sita wengine nimekwisha kuwalipia, nawachukua Jumamosi.

Fundi Matangi: Pole kwa msiba. Hata hivyo, enjeli ni wa jamii moja na ngege, na samaki anayeenea mdomoni mwake humla, hasa gizani neoni wanapozubaa. Hao sita watakuwa chakula chake.

Mwalimu Mstaafu: Kiumbe uliyemfungia ni amana. Ulipaswa kuuliza kabla ya kununua.

Msomaji Kimya: Mniwie radhi, lakini nashuku kisa hiki kimetungwa. Enjeli hakutajwa hadi mwenye uzi alipobanwa, na marehemu akaingia papo hapo. Samaki mkubwa hivyo alikuwa akiishi wapi kabla ya hapo?

Mkazi wa Donholm: Sikutunga. Alikuwa katika tangi kubwa la mama kule Machakos, ambalo lilipasuka tulipokuwa tukihamisha vyombo baada ya mazishi. Nilimficha kwa sababu nilijua mtaniambia nimtoe.

Mama Wawili: Mimi nakuamini, na baba yangu pia aliacha kuku ambao hatukuweza kuwachinja.

Fundi Matangi: Basi usimtoe leo. Ligawanye tangi usiku huu kwa plastiki yenye matundu, kisha mwombe muuzaji akutunzie wale sita. Enjeli ndiye mtafutie tangi kubwa na refu zaidi, nawe uhamishie humo kipande cha sponji ya kichujio hiki, kwa kuwa bila bakteria wake tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita kabla ya kuweza kuondoa amonia, yaani sumu itokanayo na uchafu wa samaki. Akishahama, ongeza neoni wafike kumi. Watatu hawajihesabu kuwa kundi, ndiyo maana wanajificha.

Mkazi wa Donholm: Nimetoboa kifuniko cha ndoo nikakikata kutosha upana wa tangi. Watatu wako upande wa kichujio. Enjeli amesimama kwenye plastiki, anawatazama kupitia matundu.